Muulize Anko: Timu iliyofungwa mechi 67 kwenye msimu mmoja

Toleo lililopita niligusia kwa mstari mmoja tu kwamba kwenye hoki ya barafu kule Marekani kuna timu iliwahi kucheza mechi 80 ikashinda 8, nikaendelea zangu na habari za ndondi, kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimekuja nyingi kuliko za ndondi zenyewe. Haya basi, ndondi zipumzike, leo tunaongea Washington Capitals ya msimu wa 1974-75 na ndugu zake wengine waliowahi kuburuza mkia. Kwa ambao mchezo hawaujui: watu sita kila upande kipa akiwemo, wamevaa viatu vya kuteleza, kila mtu na gongo lake, wanagombea kidude cheusi cha mpira kinaitwa paki, vipindi vitatu vya dakika 20, na wachezaji wanaingia na kutoka muda wote mchezo ukiendelea bila kumwomba refa. Hayo yanatosha, mengine tutaelewana njiani.

Swali: Shikamoo Anko. Mi niko Largo, Maryland, huku pembeni ya Washington. Kuna hospitali kubwa mpya huku kwetu, juzi tuko kwenye basi mzee mmoja Mmarekani akaniambia hapo hospitali ilipo palikuwa na uwanja na ndani yake ilikuwa inacheza timu mbovu kuliko zote duniani. Nikajua ni uzee tu. Ni kweli? Na inakuwaje timu ya mji mkuu wa Marekani, nchi yenye hela zote zile, iwe mbovu hivo?
*Mtoto wa Ilala, Maryland*

Marahaba mwanangu. Mzee hajakudanganya. Hapo palikuwa na ukumbi unaitwa Capital Centre, tajiri Abe Pollin ndo aliujenga ukafunguliwa Desemba 1973, na Desemba 2002 wakaulipua kwa baruti ukalala chini wote, yakaja maduka, baadae ndo ikaja hiyo hospitali yako. Hilo la duniani nzima sitaligusa, dunia ni kubwa, ila ndani ya NHL, ambayo ndo ligi kuu ya huu mchezo, mpaka leo hakuna timu iliyomaliza msimu na asilimia ndogo ya pointi kama ile. Enzi hizo ushindi ni pointi 2 na sare 1, kwaiyo kwa mechi 80 mezani kulikuwa na pointi 160, wao wakaokota 21. Wameshinda 8, sare 5, wamefungwa 67. Walifunga magoli 181 wakafungwa 446, piga hesabu mwenyewe, ni magoli matano na nusu kila wakiingia uwanjani. Simba alivyopigwa 5-1 na Yanga ile Novemba 2023 kuna ndugu mpaka leo hawapokeleani simu, sasa kwa hawa jamaa ukisikia wamefungwa tano ujue siku hiyo walijitahidi kidogo. Machi 15, 1975 Pittsburgh aliwapiga 12-1.

Sasa kwa nini. Watu wengi wakisimulia hii habari wanacheka wachezaji, mi nasema waliowafungisha hawakuwa uwanjani, walikuwa ofisini na suti zao. Mpaka mwaka 1967 NHL ilikuwa na timu 6 tu, sita! Ikaanza kuongeza timu kama mtu anagawa vipeperushi, kufika 1974 zikawa 18. Wakati huohuo mwaka 1972 ikazaliwa ligi nyingine ya upinzani, WHA, ikaja na pochi nene ikamchukua nyota wa NHL Bobby Hull, ikamrudisha uwanjani nyota mwingine Gordie Howe ambaye alikuwa keshastaafu, na kufika hiyo 1974 nayo ilikuwa na timu 14. Jumlisha. Timu 32 zinahitaji wachezaji wa kulipwa na karibu wote wanatoka nchi moja, Canada, maana kutoka Ulaya walikuwa hawajaanza kuchukua watu kwa wingi na Wamarekani wenyewe waliojua kucheza walikuwa wachache. Hao wachezaji wangetoka wapi?

Pollin alilipa dola milioni 6 apewe timu. Juni 1974 wakaitwa wao na wageni wenzao Kansas City Scouts, wakaambiwa chagueni wachezaji kutoka kwenye hizi timu za zamani. Lakini kila timu ya zamani iliruhusiwa kwanza kuwaficha wazuri wake, kwaiyo kilichobaki mezani ni waliozeeka, wanaorudi kutoka kuumia, na vijana ambao makocha wao walishawakatia tamaa, na hata hayo makombo inabidi mgawane wawili. Kapteni wa Capitals alikuwa Doug Mohns, mtu aliyeanza kucheza NHL mwaka 1953, msimu ukiwa katikati akatimiza miaka 41. Meneja alikuwa Milt Schmidt, na huyu usije ukamwita mbumbumbu, ndo aliyekuwa meneja wa Boston walipochukua kombe la ubingwa wa NHL, linaitwa kombe la Stanley, mwaka 1970. Mpishi mzuri kapewa jiko halina unga.

Kuonesha kwamba tatizo ni masharti ya kuingilia na si ugeni, angalia Vegas Golden Knights. Walilipa dola milioni 500 kuingia 2017, na kwa hela hiyo ligi ikaona aibu ikalegeza masharti, timu za zamani zikaficha wachezaji wachache zaidi, na Vegas msimu wake wa kwanza kabisa akafika fainali. Ligi ilijua kosa lake, ilichelewa tu kulirekebisha kwa miaka arobaini na kitu.

Na mzee wako ukikutana nae tena muulize habari za suruali. Walianza msimu na suruali nyeupe za kuchezea, sasa barafu ni maji na mtu akicheza anatoka jasho, zikilowa zinaonesha kila kitu ndani. Wakaziondoa wakarudi kwenye bluu. Yani hata mavazi yaligoma.

Swali: Anko mi nilikuwa kipa ujanani, timu ya mtaa. Naomba niulize moja tu, magoli 446 si tatizo la kipa hilo? Wangebadilisha kipa.
*Mikono ya Chuma, Tanga*

Walibadilisha mzee mwenzangu, walikuwa nao watatu. Ron Low aliondoka na ushindi 8, vipigo 36 na sare 2. Michel Belhumeur ushindi sifuri, vipigo 24, sare 3. John Adams sifuri, vipigo 7. Yani ushindi wote wa timu nzima kwa mwaka mzima umo kwenye glavu za mtu mmoja. Halafu watu wanasema kipa ndo tatizo. Low baada ya hapo alidaka NHL miaka mingine mingi tu na kuja kuwa kocha wa Edmonton Oilers, kipa mbovu hapewi maisha marefu hivo.

We umedaka unajua, lakini acha nikuchoree inavyokuwa kwenye barafu. Beki anapata paki nyuma ya goli lake mwenyewe, anataka kumpasia mwenzie pembeni, mwenzie kachelewa nusu hatua, paki inachukuliwa na mpinzani. Shuti la kwanza kipa anaokoa, lakini paki haidakiki kirahisi kama mpira, inagonga pedi za miguuni inarudi pale mbele. Kwenye timu nzuri hapo beki anaifagia pembeni biashara imeisha. Kwenye timu mbovu beki yuko pale ila anaangalia, au anamkumbatia mtu ambaye hana paki, shuti la pili linakuja, kipa yuko chini anaokoa kwa mguu, la tatu ndo limeshaingia. Na wale waliokuwa ndani wamekaa dakika moja na nusu wakati kawaida mtu anacheza sekunde 40 au 50 anatoka kupumzika, wamechoka, na hawawezi kutoka kubadilishana maana paki haijaondoka kwao hata kidogo. Hiyo ndo picha ya kufungwa kwenye hoki. Uchovu unaleta uchovu.

Na kama unataka mtu wa kumwonea huruma usimtafute kipa, mtafute beki Bill Mikkelson. Kuna hesabu wanaiweka, goli likiingia timu zote ziko na watu sawa uwanjani basi kila aliyekuwa ndani upande uliofunga anaongezewa 1, upande uliofungwa kila mmoja anakatwa 1. Mchezaji mzuri anamaliza msimu na kumi, ishirini. Mikkelson alicheza mechi 59 akamaliza na hasi 82, na hiyo rekodi hakuna aliyeigusa mpaka leo. Ukifikiria vizuri utaona huyo jamaa alikuwa anaingizwa kwenye hali ngumu kwa sababu kocha hakuwa na mwingine wa kumwamini, maana mtu mbovu kweli kweli hapewi muda wa kufungwa magoli yote hayo. Na damu yake haikuwa na shida yoyote, binti yake Meaghan Mikkelson ni beki vile vile, ana dhahabu mbili za Olimpiki na timu ya Canada, Vancouver 2010 na Sochi 2014.

Swali: Kwani hawakushuka daraja?
*Wananchi, Morogoro*

Hakuna kushuka daraja. Zile timu ni hisa za matajiri, umenunua kiti chako kwenye ligi unakaa hata ukishika mkia miaka kumi. Na si kwamba hawakuadhibiwa tu, wanapewa na zawadi, anayeshika mkia ndo anapewa nafasi ya mbele kuchagua vijana wapya wanaotoka ligi za vijana. Kwetu ukishika mkia unaenda kucheza kwenye uwanja wenye mbuzi, kule unaenda kuchagua mtoto bora wa mwaka.

Sasa usidhani hiyo ni dawa ya uhakika. Capitals walipewa nafasi ya kwanza kabisa mwaka 1974 wakamchukua beki Greg Joly, kijana aliyetoka kung'ara kwenye kombe la vijana Canada, wakamtupa moja kwa moja kwenye moto ule na timu haina hata mtu mzima wa kumshika mkono, hakuwahi kuwa yule waliyemtarajia. Mwaka huohuo New York Islanders kwenye nafasi ya 22 akamuokota Bryan Trottier, aliyekuja kuwa nyota mkubwa. Na Islanders nao walitoka kwenye shimo hilohilo, msimu wao wa kwanza 1972-73 walishinda 12 tu wakafungwa 60, lakini walichagua vijana kwa akili, wakawasubiri, na kuanzia 1980 wakachukua kombe miaka minne mfululizo. Kwaiyo mkia ni ule ule, tofauti ni nani amekaa kwenye meza ya kuchagua. Hapo ndo narudi palepale kwangu, ofisini.

Capitals baada ya hapo? Msimu wa pili walishinda 11, kisha wakajivuta hivohivo, mara ya kwanza kuingia hatua ya mtoano ni 1983. Mwaka mmoja kabla ya hapo timu ilikuwa karibu kuondoka mjini, mashabiki wakafanya kampeni ya kuiokoa kwa kununua tiketi. Kombe lenyewe wamelishika mara moja, Juni 2018, na kwenye fainali waliwapiga hao hao Vegas niliowataja juu. Wenzao wa Kansas City walikaa miaka miwili wakahamia Denver, halafu 1982 wakahamia tena New Jersey, huko ndo wakachukua kombe 1995 wakiwa na jina lingine kabisa. Watu wa Kansas City wao walibaki na kumbukumbu za kufungwa tu, kombe likaenda kwa wengine, na mi nadhani hicho ndo kitu kibaya kuliko hata 12-1.

Swali: Jambo Mzee. Tuko huku Buffalo na familia, tulitokaka Uvira tukapita Nyarugusu. Kazini kuko mzungu moja anasemaka eti kuna mwaka batu ya hapa walishangilia timu yao wenyewe kufungwa, uwanja muzima. Ile ni akili gani? Ao alikuwa ananichekesha tu?
*Papa wa Uvira, Buffalo*

Jambo Papa, karibu sana safuni. Hakukuchekesha, imetokea na ilioneshwa kwenye televisheni. Machi 26, 2015 Buffalo Sabres wako nyumbani wanacheza na Arizona Coyotes, timu mbili za mkiani kabisa, dakika 60 zimeisha 3-3, muda wa nyongeza Sam Gagner wa Arizona anafunga goli la ushindi, na uwanja wa Buffalo ukalipuka kwa furaha. Wengi wao wamevaa jezi za Buffalo.

Akili yenyewe ilikuwa hivi. Mwaka ule kulikuwa na kijana anaitwa Connor McDavid, kila mtu aliyejua hoki alishakubali kwamba wa aina yake anazaliwa mmoja kwa kizazi, na angechaguliwa wa kwanza kiangazi hicho. Ukishika mkia unapata nafasi kubwa ya kumpata. Viongozi wa Buffalo walishauza wachezaji wazuri mmoja mmoja, mashabiki wakaelewa mchezo unaochezwa, wakaamua kuvumilia mwaka mmoja wa aibu wapate miaka kumi ya raha. Ila wachezaji waliokuwa pale ndani hawakuwa kwenye huo mpango Papa, na hili watu wanalisahau, mchezaji anapigania mkataba wake wa mwakani, hawezi kujifungisha ili klabu ilete kijana atakayemnyang'anya namba. Fikiria umejitupa mbele ya shuti kwa mbavu zako halafu watu waliokulipia kiingilio wanapiga makofi ulipofungwa. Mi ningevua jezi palepale.

Na unajua mwisho wake? Siku hizi anayeshika mkia hapewi moja kwa moja, inachezeshwa bahati nasibu. Buffalo walimaliza wa mwisho na pointi 54, wakaingia kwenye bahati nasibu na nafasi ya asilimia 20, Edmonton akaingia na asilimia 11.5, na Edmonton akashinda. McDavid huyo akaenda zake. Buffalo wakamchukua Jack Eichel, mchezaji mzuri kweli, wakaja kugombana nae kuhusu upasuaji wa shingo wakamuuza Vegas, na 2023 akachukua kombe akiwa huko. Wacha nisiseme zaidi, unaishi nao hao watu, watakususia.

Bahati nasibu yenyewe ililetwa na Ottawa. Msimu wa 1992-93 Ottawa Senators walikuwa wageni kwenye ligi, wakashinda 10 wakafungwa 70, na ikaanza kusemwa kwamba mwishoni walikuwa hawana haraka ya kushinda ili wampate Alexandre Daigle. Ligi ikachunguza, ikawapiga faini ya dola laki moja, na kuanzia 1995 ikaweka bahati nasibu. Daigle walimpata, hakuwika. Aliyechaguliwa wa pili nyuma yake, Chris Pronger, leo yuko kwenye jumba la heshima la mchezo huo. Kwa sasa anayeshika mkia nafasi yake ya kuchagua wa kwanza ni asilimia 25.5, yani mara tatu kati ya nne anakosa, na bado kila mwaka kuna wanaojaribu.

Aa halafu kwa vile uko Buffalo hii usiikose. Ile mwaka 1974 kwa kuogopa WHA wasijue nani kachaguliwa, NHL ilifanya uchaguzi wa vijana kwa siri, kwa simu. Ukachukua muda mrefu mpaka meneja wa Buffalo, Punch Imlach, akachoka, kufika raundi ya 11 akataja mchezaji wa Kijapani anaitwa Taro Tsujimoto. Ligi ikaandika. Hakuna mtu kama huyo duniani, walimtunga ofisini. Muulize mwenzako wa kazini, atakuheshimu.

Swali: Niaje Anko. Mimi ni wa Nairobi, nilikuwa naenda kuteleza pale Panari Mombasa Road. Kuna kitu sijashika, nimesoma mahali hao Capitals walicheza mechi 40 ugenini wakapoteza 39. Kwani barafu si ni barafu tu? Sio ati kuna nyasi mbaya ama jua kali. Ugenini inaumiza aje?
*Mtu wa South B*

Poa sana. Swali zuri na ni kweli, ugenini ushindi 1, vipigo 39, hata sare moja hawana. Walianza kwa kufungwa 37 mfululizo.

Barafu si barafu tu. Enzi zile viwanja havikuwa saizi moja, Boston, Chicago na Buffalo vyao vilikuwa vidogo kuliko kipimo cha kawaida, mgeni anajikuta amebanwa ukutani kabla hajageuka na wenyeji wanajua kila kona. Halafu kuna sheria ambayo ukiangalia kwenye TV huioni. Mchezo ukisimama, timu ngeni inatoa wachezaji wake kwanza, mwenyeji anaangalia kisha ndo anachagua wa kwake. Kwaiyo kocha wa nyumbani kila mara anawapeleka wakali wake dhidi ya mabeki wako dhaifu, na wewe mgeni huna la kufanya. Timu yenye wachezaji wazuri inahimili, timu yenye shimo moja inaoneshwa shimo lake usiku mzima. Sasa Capitals walikuwa na mashimo kila mahali. Na safari zenyewe ni Marekani na Canada nzima, leo Vancouver kesho kutwa Los Angeles, unafungwa unapanda ndege unaenda kufungwa kwingine.

Makocha walikuwa watatu ndani ya msimu huo. Jim Anderson alienda mechi 54 akashinda 4. Akaja Red Sullivan, mechi 18, ushindi 2. Mwisho meneja Schmidt akaona aingie mwenyewe, mechi 8, ushindi 2, na hapo ndo ikapatikana ile ya ugenini, Machi 28, 1975 kule Oakland dhidi ya California Golden Seals, 5-3. Wachezaji wakachukua pipa la taka wakaliinua juu wakazunguka nalo kama vile ndo kombe la Stanley lenyewe, kiongozi wa shangwe akiwa Tommy Williams ambaye ndo alikuwa mfungaji wao bora, mtu mwenye dhahabu ya Olimpiki ya 1960 kwenye kabati lake nyumbani. Hii stori naipenda kuliko zote za msimu ule. Mtu aliyekata tamaa habebi pipa. Na siku ya mwisho kabisa Aprili 6 wakampiga Pittsburgh huyo huyo wa 12-1, wakampiga 8-4 nyumbani. Miaka 50 baadae tarehe hiyohiyo, Aprili 6, 2025, mchezaji wa timu hiyohiyo, Alex Ovechkin, alifunga goli lake la 895 akampita Wayne Gretzky kwa magoli ya maisha yote ya NHL.

Na Panari hapo ulipokuwa unateleza wametoka Ice Lions, timu yenu ya hoki, ambao 2018 walipelekwa Canada wakacheza na nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon wenyewe. Unaweza kuwa uliwahi kugongana nao.

Swali: Anko mambo. Nimesoma toleo lililopita nikapata wazo. Kama kuna timu za hoki zinafungwa kila siku si naweka tu mkeka kila mechi zifungwe? Nitajie moja.
*Mwana wa Odi, Dodoma*

Nilijua utakuja.

Sikia San Jose Sharks wa 2023-24. Kabla ya msimu walimuuza Erik Karlsson, beki aliyetoka kumaliza na pointi 101, yani magoli yake na pasi zake za magoli ukijumlisha, wakaanza ligi bila ushindi mechi 11. Novemba 2 Vancouver akawapiga 10-1, siku mbili baadae Pittsburgh akawapiga 10-2, na zote wako nyumbani kwao. Mtu kama wewe hapo angeuza baiskeli akaweka yote. Mechi iliyofuata, Novemba 7, wakamfunga Philadelphia 2-1. Walimaliza wa mwisho ligi nzima na bado walishinda mechi 19, na huwezi kujua ni zipi, maana hoki ina kitu kimoja, kipa akiamka vizuri timu mbovu inashinda huku imeshambuliwa usiku kucha. Na kwa timu kama hiyo odi za mpinzani wake zinakuwa ndogo sana, kwaiyo unahitaji kupatia mechi nyingi kufidia moja iliyochanika.

Na kama umeshaamua, angalia soko lenyewe limeandikwaje. Hoki ya sasa haina sare, wakilingana dakika 60 wanaongeza muda na wakishindwana hapo wanapigiana penati mpaka apatikane mshindi, lakini kwenye mkeka kuna soko linalohesabu dakika 60 peke yake na kuna linalohesabu mpaka mwisho. Mtu anaona timu yake imeshinda kwenye skrini, anaenda kuangalia mkeka, umechanika, anaanza kupiga simu huduma kwa wateja saa kumi alfajiri.